Rangi Iwe Shahidi wa Mwisho: Kuwatofautisha Nguru, Jodari na Nduaro

Mvuvi wa mshipi akimtoa samaki majini, kitu cha kwanza anachokiona ni rangi, na rangi hiyo ndiyo humpoteza mara nyingi. Samaki wa maji makuu, yaani jodari, nguru, nduaro (yule mwenye mdomo mrefu kama mkuki) na jamaa zao, hubadilika rangi wangali hai kwa sababu ya hasira, njaa au hofu, hubadilika tena wanapokata roho, na hubadilika kwa mara nyingine wakishalala juani au ndani ya barafu. Fulusi ndiye mfano wa wazi: hupanda botini akiwa wa dhahabu, kijani na buluu, na kabla chambo hakijarudishwa majini ameshageuka kijivu. Kwa fulusi jambo hili halina madhara makubwa, kwa kuwa paji la uso lililosimama na pezi la mgongo linaloanzia utosini na kushuka hadi karibu na mkia vinatosha kumtambulisha. Kwa wengine hali ni tofauti, kwa sababu wapo samaki wawili au watatu wenye umbo moja, wanaokula chambo kimoja katika maji yale yale, na wanaotenganishwa na alama ambazo mtu asiyeelekezwa pa kutazama hataziona.

Kwa misimu mingi ya kaskazi nimekuwa nikirambaza katika mkondo wa Pemba, upande wa Nungwi, na watu wanaonifahamu hunitumia picha za simu zenye swali lile lile: huyu ni samaki gani? Nyingi kati ya picha hizo haziwezi kujibiwa. Samaki ameinuliwa kwa mkia, mapezi yamelala, jua liko nyuma yake, na mvuvi amesimama mbele ya nusu ya mwili wake huku akitabasamu. Ndiyo maana nimeona niandike kwa kirefu kuhusu makundi yanayoleta ubishi zaidi katika boti zetu na madikoni kwetu. Msimamo wangu ni kwamba rangi iwe shahidi wa mwisho kuitwa. Kwanza tutazame vile visivyobadilika, yaani mstari wa ubavu, idadi na umbo la mapezi, kilichomo ndani ya mashavu na, inapobidi, ini.

Nianze na nguru, kwa kuwa ndiye anayetafutwa sana na wanunuzi na ndiye anayechanganywa na wenzake bila mtu kujali. Nguru wa kawaida, ambaye jina lake la kitaalamu ni Scomberomorus commerson, ana mistari myembamba ya wima iliyopindapinda ubavuni. Kanadi, Scomberomorus plurilineatus, ana mistari ya ulalo iliyokatikakatika, mingine ikiwa imegawanyika na kuwa vidoa vidogo. Samaki hawa wawili wakiwa wametoka majini sasa hivi, mtoto wa mvuvi anaweza kuwatenga. Lakini walaze kwenye barafu kuanzia asubuhi hadi mnada wa jioni, kisha urudi uwatazame: wote wawili wamekuwa na mgongo wa kijivu na tumbo la fedha, na ile mistari imebaki vivuli tu. Zaidi ya hayo, nguru mchanga huwa na madoa badala ya mistari iliyokamilika, kwa hiyo mtu akimpata nguru wa urefu wa mkono anaweza kudhani amepata kanadi aliyekomaa.

Hapo ndipo mstari wa ubavu unapokuwa na kazi. Ni ule uzi mwembamba unaotoka juu ya shavu na kwenda hadi mkiani, ambao samaki huutumia kuhisi mitikisiko ya maji. Mlaze samaki kwa ubavu, mpanguse ute kwa kitambaa kilicholoweshwa maji ya bahari, kisha inama umtazame kwa mshazari ili mwanga uteleze juu ya ngozi, nawe utauona. Kwa nguru, mstari huo huenda karibu na mgongo kwa sehemu kubwa ya mwili, na ukifika chini ya mwisho wa pezi la pili la mgongo hushuka ghafla, kisha huendelea kwa mawimbi madogo hadi mwisho. Kwa kanadi haushuki ghafla popote; huteremka polepole, na mtu akiufuata kwa ncha ya kidole hakuti mahali pa kusema hapa ndipo ulipoanguka. Alama hii haifutwi na barafu, haifutwi na jua, na hubaki hata samaki akiwa amekatwa kichwa, ilimradi kiwiliwili hakijagawanywa vipande.

Ikiwa kilichobaki ni kichwa peke yake, na wapishi wa supu wanajua kwamba hilo hutokea kila siku, basi fungua shavu. Upinde wa kwanza wa shavu una upande wa nyuma wenye nyuzi nyekundu za kupumulia, na upande wa mbele wenye vijiti vigumu vilivyopangwa kama meno ya kitana. Hesabu vijiti hivyo kwenye upinde wote, sehemu ya juu na ya chini. Nguru huwa na vichache sana, kuanzia kimoja hadi vinane, na kanadi huwa na 12 hadi 15. Kati ya idadi hizo mbili kuna nafasi ya kutosha, kwa hiyo mtu hahitaji kuwa mtaalamu ili kufanya uamuzi. Anachohitaji ni kutunza vidole vyake, kwa sababu meno ya samaki hawa ni bapa na yana makali pande zote mbili, nayo hukata mtu hata saa kadhaa baada ya samaki kufa.

Wa tatu katika kundi hili ni yule ambaye manahodha wa boti za kukodi humwita wahuu. Huyu si wa jenasi ya nguru, bali ana yake mwenyewe, Acanthocybium, na kwa umbali ni mrefu na mwembamba zaidi. Akiwa hai ana mistari ya buluu inayong'aa ubavuni, na akifa mistari hiyo hufifia kiasi kwamba mbele ya muuzaji mwenye haraka anageuka kuwa nguru bila mtu kusema neno. Kumtenga ni rahisi kuliko kutenga nguru na kanadi. Pezi lake la kwanza la mgongo lina miiba 23 hadi 27, wakati la nguru lina 15 hadi 18. Pua yake ni ndefu, karibu nusu ya kichwa chote. Mwisho wa taya lake la juu umefichwa chini ya mfupa ulio mbele ya jicho, ilhali taya la nguru huonekana wazi hadi nyuma ya jicho. Mstari wake wa ubavu nao hushuka ghafla, lakini mapema, chini ya katikati ya pezi la kwanza la mgongo. Na ukifungua shavu lake ukatafuta vile vijiti, hukuti hata kimoja.

Kwa nini mtu ajisumbue? Nyama ya wote watatu inaliwa, na wengi watasema samaki ni samaki. Jibu la kwanza ni la jikoni: wahuu hukauka upesi akipikwa kama nguru, na mtu aliyenunua akitarajia nguru wa kupaka anaweza kumlaumu mpishi bure. Jibu la pili ni la uzito. Kanadi hukua hadi takriban mita 1.2 tu, nguru anaweza kufikia mita 2.4 na kilo 70, na wahuu naye ni samaki mkubwa. Katika rekodi za uvuvi wa mshipi zinazotunzwa na shirikisho la kimataifa la IGFA, lililoanzishwa 1939, nguru mzito kuliko wote alivuliwa Afrika Kusini 1982 akiwa na kilo 44.9, na wahuu alivuliwa Mexico 2005 akiwa na kilo 83.46. Samaki wa kilo kumi ni kanadi wa kushangaza, ni nguru wa kawaida, na ni wahuu ambaye bado ana safari ndefu ya kukua. Anayeandika kumbukumbu za klabu yake bila kutenga aina hizi hajaandika lolote ambalo mtu mwingine anaweza kulitumia.

Sasa tuje kwa jodari, ambako ugumu wenyewe upo. Jodari mkubwa wa mapezi ya njano hana mshindani katika maji yetu: mapezi yake ya pili, la juu na la chini, hurefuka na kupinda nyuma kadiri anavyokua, hadi mengine hufika karibu na mkia, na hakuna jodari mwingine anayeweza kumwiga. Shida ni kwa wadogo, wale wa chini ya nusu mita, ambao huzunguka pamoja chini ya magogo yanayoelea na maboya ya kukusanyia samaki. Katika kundi moja kama hilo utapata wachanga wa jodari wa mapezi ya njano, wachanga wa jodari wa macho makubwa na sehewa, na mshipi hauchagui. Wakubwa wa macho makubwa hushuka kilindini mchana, mamia ya mita chini, kwa hiyo mvuvi wa mshipi huwapata kwa nadra, na kwa sababu hiyo wengi wetu tunaamini kwamba hatuwapati kabisa. Wachanga wao tunawapata, ila tunawaita jodari na kuwatia ndani ya sanduku.

Usianze na macho. Jina la samaki huyu limewafanya watu waamini kwamba jicho litawaambia kila kitu, na ni kweli kwamba jicho lake ni kubwa zaidi kwa uwiano wa kichwa, lakini ukubwa wa jicho huonekana tu ukiwa na samaki wote wawili wa urefu mmoja ubavu kwa ubavu. Anayeshika samaki mmoja peke yake hana cha kulinganisha. Kuna alama tatu za nje ambazo mimi huziamini zaidi. Ya kwanza ni mistari ya ubavuni, ambayo hapa naikubali ingawa ni suala la rangi, kwa masharti kwamba samaki awe mbichi: jodari wa mapezi ya njano ana mistari mingi ya fedha iliyokaribiana, mmoja mzima na unaofuata wa nukta, mzima na nukta, ikianzia mkiani na kupanda hadi chini ya pezi la kifuani. Jodari wa macho makubwa ana mistari michache, iliyoachana, isiyo na mpangilio, na karibu yote ni mizima. Ya pili ni pezi la kifuani. Kwa samaki wa ukubwa huu, la macho makubwa ni refu na jembamba, ncha yake imepinda kidogo kwenda chini, na hupita mwanzo wa pezi la pili la mgongo. La mwenzake ni fupi na gumu zaidi. Ya tatu iko katikati ya ukingo wa nyuma wa mkia, mahali ambapo panda mbili zinakutana. Kwa jodari wa mapezi ya njano pana ufa ulio wazi wenye vijituta viwili pembeni, na kwa macho makubwa mahali hapo ni bapa, au pamepinda kidogo tu.

Alama hizo tatu zikikubaliana, kazi imekwisha. Zisipokubaliana, na hutokea mara nyingi zaidi kuliko vitabu vinavyotaka tuamini, kuna ini. Mgeuze samaki tumbo juu, ingiza ncha ya kisu kwenye tundu la haja na uchane kwenda mbele kwa mkono mwepesi, kwa sababu ini limekaa mbele kabisa, nyuma tu ya mapezi ya kifuani, na kisu kinachozama litapasuliwa nacho. Livute taratibu lote litoke likiwa zima na ulisuuze kwa maji ya bahari. Ini la jodari lina ndewe tatu, yaani vipande vitatu vilivyoungana. La jodari wa mapezi ya njano ni laini na linang'aa, na ndewe ya kulia imerefuka kuliko nyingine mbili. La jodari wa macho makubwa lina ndewe zinazokaribiana kwa ukubwa, zimeviringika, na pembezoni zina michirizi myembamba ya mishipa ya damu ambayo ukiipitishia kidole unaihisi. Nimewaona mabaharia wazoefu wakibishana kwa sauti juu ya vipezi vya njano vilivyo mbele ya mkia, kama vina ukingo mweusi mwembamba au mpana, na ubishi wote ukaisha ini lilipowekwa juu ya ubao. Kwa vyovyote samaki huyo angetumbuliwa. Kulitazama ini lake kabla ya kulitupa hakumgharimu mtu chochote.

Umuhimu wa jambo hili unapita boti zetu. Samaki hawa hawakai nchi moja, na hesabu ya akiba yao baharini hufanywa kwa bahari nzima na Kamisheni ya Jodari ya Bahari ya Hindi, yenye makao yake Ushelisheli. Mwaka 2015 ilielezwa kwamba jodari wa mapezi ya njano wa Bahari ya Hindi amevuliwa kupita kiasi, na mwaka uliofuata Kamisheni ikapitisha mpango wa kumpunguzia uvuvi. Jodari wa macho makubwa hupimwa peke yake, kwa takwimu zake. Wachanga wa aina moja wanapoandikwa kwa jina la nyingine, hesabu zote mbili huharibika kwa pamoja, na hakuna mwanahisabati anayeweza kurekebisha kosa lililofanyika kwenye ubao wa kukatia samaki.

Kuhusu sehewa nitapita haraka, kwa sababu hapa tumbo na mgongo vinatoa jibu waziwazi. Jina hilo madikoni hubeba samaki wawili. Mmoja ana mistari minne hadi sita myeusi inayokwenda kwa urefu tumboni, na mgongo wake hauna michoro. Huyu ndiye anayejaza makopo ya samaki duniani. Mwingine ana tumbo lisilo na mistari, michoro meusi ya mshazari sehemu ya nyuma ya mgongo, na vidoa vichache vyeusi kati ya pezi la kifuani na pezi la tumbo. Mgeuze samaki utazame chini, na swali limekwisha. Kuna pia mdogo wao ambaye mapezi yake mawili ya mgongo yameachana kwa nafasi kubwa. Kwa sehewa hao wawili mapezi hayo karibu yanagusana.

Kolekole nao wana mtego wao, na unahusu rangi moja kwa moja. Kolekole mkubwa, Caranx ignobilis, ambaye wageni husafiri kutoka mbali kuja kumvua kwenye miamba yetu, huwa wa fedha, lakini madume yake huweza kuwa meusi kabisa, na nimesikia watu wakiapa kwamba weusi ni aina nyingine. Kinachomtenga na jamaa zake ni kifua. Mguse chini ya koo, mbele ya mapezi ya tumbo: kolekole mkubwa hana magamba sehemu hiyo, isipokuwa kiraka kidogo katikati. Kolekole wa mapezi ya buluu na kolekole wa macho makubwa wana kifua chenye magamba pote, na huyo wa mwisho ana ncha nyeupe kwenye pezi la pili la mgongo. Ni kipimo kinachofanyika kwa kidole gumba hata usiku wa giza.

Nimebakiza nduaro kwa makusudi. Kwa samaki wengine wote niliowataja, mvuvi ana muda: samaki yuko botini, amekufa, na anaweza kuchunguzwa hadi ini. Nduaro anayevuliwa kwa mshipi siku hizi, na ninaunga mkono utaratibu huu kwa moyo wote, huachiwa. Hutolewa ndoana ubavuni mwa boti, pengine akatiwa kibandiko chenye namba, na akaenda zake. Muda wa kumtambua ni mfupi sana, na samaki mwenyewe yuko katika hali ambayo rangi yake haina maana hata kidogo, kwa sababu nduaro yeyote mwenye hasira huwaka mistari ya buluu ubavuni. Nduaro wa mistari hana haki ya peke yake juu ya mistari hiyo. Nduaro buluu anayo akiwa hai, na nduaro mweusi akichangamka huionyesha pia.

Jambo la kwanza la kutazama ni pezi la kifuani. La nduaro mweusi limekakamaa. Limesimama nje ya mwili na halilali ubavuni, na mtu akilazimisha atavunja kiungo chake. Nduaro buluu na wa mistari wanaweza kulilaza pezi hilo likabanana na mwili. Baharia aliyemshika samaki mdomo kwa glavu anaweza kulisukuma pezi kwa upole kwa mkono wa pili, na jibu hupatikana papo hapo. Nduaro mweusi pia ana bega lililoinuka nyuma ya kichwa na mdomo mnene, na pezi lake la mgongo ni fupi kwa samaki wa mwili huo: sehemu yake ya mbele, iliyo ndefu kuliko zote, haifiki nusu ya kimo cha mwili. Ndiye mzito aliyeweka rekodi ya kilo 707.61 huko Cabo Blanco, Peru, tarehe 4 Agosti 1953, ambayo haijavunjwa hadi leo.

Wakibaki buluu na wa mistari, kipimo ni hilo hilo pezi la mgongo. La nduaro wa mistari likisimama hufikia kimo cha mwili wake au hukizidi. La nduaro buluu ni refu na limechongoka, lakini halifikii kimo cha mwili. Ugumu ni kwamba samaki aliyechoka hulilaza pezi ndani ya mfereji wa mgongoni, na mtu akingoja mpaka afike ubavuni mwa boti hataliona limesimama. Linaonekana vizuri samaki anaporuka, kwa hiyo mtu mmoja botini awe na kazi ya kurekodi miruko kwa simu tangu mwanzo, hata kama anatamani kushika usukani. Umbo la mwili nalo husaidia, kwa kuwa nduaro wa mistari amebanwa ubavuni na wa buluu ameviringika. Mstari wa ubavu, ambao kwa nguru ulikuwa rafiki yetu, hapa hausaidii sana majini: kwa nduaro buluu ni mtandao wa vitundu vilivyoungana mithili ya mnyororo, lakini kwa samaki mkubwa umezama chini ya ngozi, na wa kuutafuta ni yule mwenye samaki aliyekwisha kufa. Sulisuli simweki katika ubishi huu, kwani tanga lake la mgongoni linamtaja lenyewe, ingawa akilikunja, na akiwa mchanga, wapo waliomwita nduaro.

Kwamba alama ndogo inaweza kumficha samaki mzima machoni pa watu wenye uzoefu, wavuvi wa Atlantiki walikwisha kuonyeshwa. Huko kuna nduaro mweupe, anayependwa sana katika mashindano ya pwani ya mashariki ya Marekani, na kwa miaka mingi kila samaki wa umbo lile aliandikwa kwa jina hilo. Mwaka 2006 watafiti walithibitisha kwa vinasaba kwamba baadhi yao walikuwa samaki wa aina nyingine kabisa, Tetrapturus georgii, mwenye magamba yaliyoviringika zaidi. Alama ya kumtenga inayofaa kwa mtu aliye botini ni umbali kati ya tundu la haja na pezi lililo nyuma yake: kwa nduaro mweupe vimekaribiana, na kwa huyu vimeachana waziwazi. Samaki alikuwa akishikwa kwa mikono, akipimwa na kupigwa picha mbele ya umati, na hakuna aliyetazama hapo.

Kwa hiyo, mtu anayenitumia picha na kutaka jibu anisaidie kwa haya. Samaki alazwe kwa ubavu, kichwa upande wa kushoto, mapezi ya mgongo na ya kifuani yakiwa yametanuliwa kwa mkono au kwa kijiti, na mkia wote uonekane. Futi ya kupimia iwekwe kando yake, si juu yake. Picha ya pili iwe ya shavu lililofunguliwa, na kwa jodari mdogo ya tatu iwe ya ini. Kwa nduaro wa kuachiwa hayo hayawezekani wala nisingependa mtu ayajaribu, maana kumtoa majini kwa ajili ya picha ni kumuua kwa taratibu. Hapo inatosha video ya miruko na mkono mmoja uliolisukuma pezi la kifuani. Ikumbukwe pia kwamba azimio la Kamisheni la mwaka 2018 linakataza kubakiza nduaro au sulisuli mwenye urefu wa chini ya sentimita 60, ukipimwa kutoka ncha ya taya la chini hadi kwenye panda ya mkia. Ule mdomo mrefu wa juu hauhesabiwi, kwa sababu huvunjika na haulingani kati ya samaki na samaki.

Katika daftari langu hutumia misimbo ya herufi tatu ya Shirika la Chakula na Kilimo, ambayo ndiyo inayotumika pia katika takwimu za kimataifa: COM kwa nguru, WAH kwa wahuu, YFT na BET kwa jodari wale wawili, BLM kwa nduaro mweusi, BUM kwa wa buluu, MLS kwa wa mistari na SFA kwa sulisuli. Upo pia msimbo BIL, wa nduaro na jamaa zake ambao aina yao haikutambuliwa, na sioni haya kuutumia. Ikiniijia picha ya samaki aliyening'inizwa kwa mkia, mapezi yamelala na rangi imekwisha, huandika BIL, kisha humrudishia mwenye picha swali moja tu: ulipolisukuma pezi la kifuani, lililala au lilikataa?